Kona ya Fundi Ladius

Kwenye simu ya ofisi yenu kuna namba iliyohifadhiwa kwa jina la Fundi Ladius. Ninyi mliokuja juzi mnaipiga mkikwama na bati nene, mnasema, "Fundi Ladius, tusaidie," naye anawasaidia, kisha mkikata simu mnacheka. Mnajua ni utani wa ulimi wetu sisi watu wa mlimani, jinsi r na l zinavyobadilishana viti mdomoni. Jina lenyewe lilitoka wapi, hamjui. Mimi najua, kwa sababu nilikuwepo lilipozaliwa, na kama ningefungua mdomo siku hiyo lisingezaliwa.

Mlinikatia keki, mkanipa blanketi na saa ya ukutani. Sijui kwa nini mtu anayestaafu hupewa saa, wakati ndiyo kwanza ameacha kuwa na haja nayo. Mkaniomba niwaandikie mambo ya kazi. Nitaandika, lakini nawaambia mapema kwamba naandika ili mtu mmoja arudishiwe jina lake. Hayo mengine ya mistari na mikunjo mtayaokota njiani.

Niliingia karakana hii nikiwa na cheti cha uchoraji wa kiufundi, sketi iliyopigwa pasi mara mbili na penseli sita zilizochongwa. Mwenye karakana, Mzee Kanti, alikuwa mchoraji mwenyewe. Baba yake, Mhindi wa duka, aliuza misumari na mabati hapa hapa Nyeri, na yeye akaona afadhali ayakunje mabati hayo kuliko kuyapanga kwenye rafu. Alikuwa mwembamba, wa sweta ya kijivu jua liwake mvua inyeshe, na kila mara alikuwa na penseli mbili nyuma ya masikio huku akitafuta ya tatu.

Cheti changu hakukitazama. Alinipa karatasi akasema, "Wewe chora line moja inashuka, line moja inalala. Halafu unganisha na kona nzuri."

Nikachukua bikari, nikachora tao safi, nikaunganisha. Nilijiona fundi. Mzee Kanti hakuitazama karatasi kutoka juu kama watu wengine. Aliiinua hadi usawa wa pua, akafumba jicho moja, akauangalia mstari kwa urefu wake kama seremala anavyokagua ubao.

"Hapa imegongana," akasema, akaweka ukucha mahali ambapo mimi niliona ni laini kabisa.

Nikainua karatasi na mimi, nikafumba jicho. Mstari wangu mrefu ukawa mfupi, na pale aliponionyesha kulikuwa na kibega kidogo kimejitokeza. Nilishangaa sana. Nilikuwa nimechora kitu chenye kosa, nikakitazama kwa macho mawili na nisilione, halafu nikaliona kwa jicho moja. Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kuinamisha vitu na kufumba jicho. Mume wangu alizoea. Watu wa kanisani bado.

Mzee Kanti alinieleza kwamba mistari miwili inaweza kugusana tu, kama watu kwenye laini ya benki, kila mmoja anatazama kwake. Hapo kuna kona, hata iwe ndogo namna gani. Inaweza pia kusalimiana, yaani mmoja unaangalia kule mwingine unakoelekea. Hiyo inatosha kwa kazi nyingi. Lakini kuna namna nyingine, na hapo akakosa neno, akazunguka meza akilitafuta.

"Mimi nikienda kwa kastoma," akasema, "kule Othaya, kule Karatina, nikimaliza chai nasema kwaheri. Mtu anaamka na mimi. Anapita mlango na mimi, anapita geti na mimi, tunaongea, tunafika barabara, bado anakuja. Hata sijui aliniacha wapi. Hiyo mnaita nini?"

"Kusindikiza."

"Bas. Line moja isiachie ingine kwa mlango. Isindikize. Chora tena."

Nilichora tena kwa wiki mbili. Hakuna mashine niliyosaidia kuitengeneza katika wiki hizo mbili, na mshahara nilipewa. Sasa nikifikiria naona aliniajiri kwa ajili ya wiki hizo.

Chombo chetu kikuu cha mikunjo kilikuwa ukanda mwembamba wa chuma laini, wa urefu wa mkono. Uliupinda kwenye karatasi ufuate pointi zako, kisha ukaubana kwa vipande vizito vya risasi. Tuliviita kuku, kwa sababu vililalia karatasi mchana kutwa bila kuangua chochote. Ukanda ule ulikuwa na akili kuliko mimi. Ukiulazimisha kukunja ghafla, uliruka na kumwaga kuku wote sakafuni. Chuma kilikuwa kinakataa, na kukataa kwake kulikuwa somo. Kumbukeni hilo, kwa maana baadaye tulinunua kifaa kisichokataa kitu.

Kompyuta ilipofika ilikuwa na kisogo kikubwa na ilihitaji meza yake peke yake. Mzee Kanti aliizunguka kwa siku tatu. Siku ya nne nikachora mkunjo wa kwanza kwenye skrini, naye akaja, akaweka shavu lake kwenye ukingo wa kioo, akafumba jicho. Hakuona kitu ila vumbi. "Hii ni televisheni," akasema kwa huzuni, akarudi kwa kuku wake.

Mimi nilibaki, na nikapenda. Nilipenda hasa jambo moja ambalo mpaka leo linanichekesha: mkunjo wa kompyuta huushiki wenyewe. Unaweka pointi pembeni, nje ya mstari, ukizisogeza mkunjo unazifuata bila kuzifikia, kama ng'ombe anayefuata nyasi iliyo mkononi mwa mtu. Nilikaa jioni nzima nikivuta pointi moja huku na huku nione mkunjo utafanya nini. Kisha nikagundua chanuo. Mnakifahamu: ukikiwasha, programu inasimamisha meno kando ya mkunjo, marefu pale unapokunja sana, mafupi pale unapokunja kidogo. Meno yakipanda na kushuka polepole, mistari inasindikizana. Yakiruka ghafla, mmoja umemwacha mwenzake mlangoni. Nilimwita Mzee Kanti. Akatazama chanuo kwa muda mrefu, akatoa penseli moja sikioni.

"Imepata jicho," akasema, na kuanzia siku hiyo akakubali kuiita kompyuta.

Ila ilikuwa na tabia moja mbaya. Ilipenda kuuliza. Nihifadhi? Nifute? Mistari hii haijakutana, niiunganishe hivyo hivyo? Mtu akiulizwa mara mia kwa siku hujifunza kujibu kabla hajasoma.

Sasa nifike kwa Muriithi, ambaye ninyi mnamwita kwa lile jina lingine. Muriithi alikuwa fundi wetu wa bati, rika langu, mtu wa Sagana. Alikuwa na mikono minene na subira kubwa, na mfukoni hakukosa kamba ya katani, chaki na futi ya chuma. Kupima kulikuwa ugonjwa wake. Alipima hata vitu ambavyo hakuna aliyemtuma. Alinunua sufuria ya chai ya karakana, na kabla hatujaipikia akawa amejua kipenyo chake, kina chake na kwamba mpini mmoja ulikuwa juu kuliko mwenzake. Ikitakiwa mtu wa kwenda kwa mteja kuchukua vipimo, Mzee Kanti alimtuma yeye, naye aliondoka na ile futi kama mtu anayeenda harusini.

Alisema "ladius" badala ya radius, yaani nusu kipenyo cha tao, na "rength" badala ya length, yaani urefu. Sote tulimsikia kila siku. Hakuna aliyecheka, kwa sababu robo tatu ya karakana ilisema hivyo hivyo, na mimi mwenyewe nikikasirika huomba "mchere".

Basi akaja Mama Njoki kutoka Mwea. Alikuwa amelima mpunga maisha yake yote na kuupeleka kwenye vinu vya watu wengine. Sasa alikuwa amenunua kinu kikuukuu, akakiweka kwenye jengo lake mwenyewe, na akawaambia majirani wamletee mpunga wa msimu ule. Kila kitu kilizunguka vizuri isipokuwa mfereji mmoja wa bati, ule unaoteremsha mchele uliotoka kukobolewa mpaka kwenye mashine ya kung'arisha. Ulikuwa umeliwa na kutu. Mavuno yalikuwa yamebaki wiki mbili.

"Mimi nimeambia watu mchele yao itatoka nzima," alituambia, mkoba wake ukiwa magotini. "Ikitoka chenga msimu wa kwanza, hakuna msimu wa pili. Mwea huko mtu akihama kinu harudi."

Muriithi akaenda Mwea. Mfereji wa zamani ulikuwa umechomelewa juu kwenye boriti, haukutoka, kwa hiyo akaupima papo hapo juu ya ngazi kwa kamba na futi. Ili nisipoteze siku nikimngoja, akanitumia vipimo kwa ujumbe wa simu. Sehemu zote zilikuwa sawa. Mstari wa mwisho ulisema: *Kona ya chini L 450 R 400.*

Mnaona? Katika michoro yote ya dunia R ni nusu kipenyo na L ni urefu. Lakini Muriithi hakuandika kama michoro ya dunia. Aliandika kama anavyosema. Ladius, mia nne na hamsini. Rength, mia nne. Kwa ulimi wake hakuna alipokosea.

Na mimi, ambaye nilikuwa nimemsikia akisema "ladius" kwa miaka, nikausoma kama kitabu kinavyosema. Nikachora tao la nusu kipenyo mia nne, urefu mia nne na hamsini. Likakunja haraka mno na kupita mahali lilipotakiwa kuishia. Mwisho wake haukutazama kule mstari wa chini ulikokuwa unaelekea. Kwenye ukanda wa chuma wa Mzee Kanti, kuku wote wangekuwa sakafuni wakati huo. Kompyuta ilinyamaza. Ningeweza kumpigia Muriithi. Badala yake nikakata kipande cha tao kilichozidi, nikakivuta kilichobaki mpaka karibu na mstari, nikaamuru viungane.

Kompyuta ikauliza. Ilisema kati ya ncha hizi mbili kuna nafasi ya milimita mbili na nusu, je, niunganishe hivyo hivyo?

Nikabonyeza "Yes". Chanuo sikukiwasha. Nilikuwa na haraka, na nadhani pia sikutaka kuona.

Nikachapisha umbo kwa ukubwa wake kamili, Muriithi akarudi, akalilaza juu ya bati na kuanza kupinda. Adhuhuri akaja mezani kwangu akipangusa mikono.

"Mama Ciku, hii kona naiona kali hapa mwisho."

"Ndivyo kompyuta imesema," nikamjibu bila kugeuka.

Ninaandika haya na masikio yananiwaka.

Mfereji ulifungwa siku nane kabla ya mavuno. Mama Njoki akaujaribu kwa magunia machache ya mpunga wake mwenyewe, na kesho yake akapiga simu. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu, "Njooni muone."

Tulikwenda watatu, Mzee Kanti, Muriithi na mimi. Mama Njoki alikuwa amemwaga mchele kwenye uteo na kuutenga mafungu mawili. Fungu la chenga lilikuwa kubwa kuliko la mchele mzima. Pishori, mchele wetu wa Mwea, inauzwa kwa harufu na urefu wa punje, na ile iliyovunjika ni ya uji na ya kuku. Uso wake ulikuwa umechoka. Nje ya jengo majirani wawili walikuwa wamesimama na baiskeli zao, wakijifanya wanapumzika.

Kila mmoja akawa na maoni. Mzee Kanti alisema mpunga haujakauka vizuri. Mama Njoki akamuuliza kama yeye huanika mpunga au huanika bati. Mimi nikasema labda raba za kukobolea zimebana sana. Tukazilegeza, chenga zikabaki vile vile. Tukabadilisha mwendo wa mkanda, zikabaki vile vile.

Muriithi yeye alikuwa amepanda ngazi na kuweka sikio kwenye mfereji huku mchele ukiteremka. Alikaa hivyo muda mrefu, akisogeza sikio kutoka juu kwenda chini kidogo kidogo, kama daktari na mgonjwa. Kisha akashuka.

"Mama, uko na sufuria ya kupikia na kuni?"

"Ya nini?"

"Nataka masizi."

Mama Njoki akamtazama, akaenda jikoni, akaleta sufuria kubwa nyeusi. Muriithi akakwangua masizi ya chini, akayachanganya na mafuta kidogo, akafungua mfereji na kuupaka wote ndani kwa kitambaa. Akaufunga tena. Akaomba mchele debe moja tu upite. Alipoufungua tulikusanya vichwa pale mlangoni pa bati kama watu wanaochungulia kisima.

Juu, masizi yalikuwa yamepanguswa kidogo kidogo, sawasawa, mchele ukiteleza kwa upole. Chini, pale tao langu lilipokutana na mstari, palikuwa na alama moja iliyong'aa, upana wa kidole, imesuguliwa mpaka chuma cheupe kinaonekana. Kila punje iliyoteremka ilikuwa inagonga pale pale.

"Hapa ndio mchele inalia," Muriithi akasema. Alikuwa anatabasamu. Alikuwa amepata kitu alichokuwa akikitafuta, na kwa dakika hiyo hakuwaza kilitoka kwa nani. Mimi niliwaza. Nilikijua kibega kile kabla hajashusha kitambaa.

Mzee Kanti akaniomba ujumbe wa vipimo. Nikampa simu. Akausoma, akasoma tena, akamgeukia Muriithi.

"L ni nini?"

"Ladius," Muriithi akasema.

Mzee Kanti akaanza kucheka, kicheko kile cha kukohoa. "Ladius! Na R ni rength!" Mama Njoki akacheka, mara ya kwanza tangu tufike, na wale wa baiskeli wakacheka hata bila kujua nini. Muriithi naye akacheka, ila nilimwona akitazama mikono yake, nyeusi kwa masizi mpaka viwiko.

Na mimi nikacheka. Nilicheka kuliko wote. Kila mtu alikuwa amefurahi kwamba kosa limepatikana, na limepatikana likiwa dogo, la kuchekesha na la mtu mwingine. Nilifungua mdomo niseme habari ya milimita mbili na nusu, Mzee Kanti akasema, "Bas, bas, twende tutengeneze ingine," nami nikaufunga. Sitasingizia kwamba nilikatizwa. Kulikuwa na safari nzima ya kurudi Nyeri.

Mfereji wa pili niliuchora usiku na mchana mmoja. Tao la mia nne na hamsini, na kabla ya kulifikisha kwenye mstari nikaweka kipande cha kulisindikiza, mkunjo unaolegea polepole mpaka unanyooka bila kujua umenyooka wapi. Nikawasha chanuo. Meno yakashuka kama mteremko wa shamba la chai. Muriithi akalipinda bati, na siku tatu kabla ya mavuno tukaufunga. Mama Njoki akachota mchele kwa uteo, akachambua kwa kidole, akachambua tena, kisha akanyanyuka akawafungulia majirani mlango. Kinu kile bado kinazunguka. Kati ya yote niliyochora, ndicho ninachokionea fahari, na ndicho ninachokionea haya.

Maana tazameni kilichofuata. Kabla wiki haijaisha karakana nzima ilikuwa inamwita Ladius. Wateja wakafuata. Hilo angelibeba, alikuwa mtu wa utani. Lakini Mzee Kanti hakumtuma tena kuchukua vipimo. Hakumkemea wala hakutangaza lolote. Alikuwa tu anamtuma mtu mwingine. Mara ya kwanza Muriithi alikuwa ameshachukua futi yake na kusimama mlangoni, akasikia jina la mwingine likiitwa. Akairudisha futi mfukoni, akarudi kwenye mashine ya kupinda. Niliona kwa macho yangu mawili. Miaka michache baadaye akaaga, akaenda kufungua karakana yake Sagana. Mzee Kanti naye akazeeka akamwachia mwanawe, na nilipomsindikiza hospitali mara ya mwisho bado sikuwa nimemwambia.

Mtasema, si kweli alibadilisha herufi? Alibadilisha. Lakini herufi zile zilipita kwangu. Mimi ndiye niliyejua anavyosema. Mkunjo ulikataa mbele ya macho yangu nikaukata. Kompyuta ikaniuliza kwa adabu kabisa nikaijibu bila kusoma. Fundi mwenyewe akaja mezani kwangu akaniambia kona ni kali. Niliulizwa mara nne. Yeye hakuulizwa hata mara moja.

Katika juma langu la mwisho nilikuwa nasafisha kompyuta ili niwaachie nafasi, nikakutana na mchoro ule wa kwanza. Nikaufungua. Nikawasha chanuo, kwa mara ya kwanza juu ya mstari ule. Meno yalikuja vizuri, vizuri, halafu pale pakawa na pengo. Nikakaa nikilitazama. Kisha nikafunga ofisi, na kesho yake nikaenda Sagana.

Karakana yake iko nyuma ya barabara kuu, upande wa mtoni. Juu ya mlango ameandika *Muriithi, Kazi za Bati*, basi. Nilimkuta akisaga ukingo wa tangi la maji. Alizima mashine, akanipa kiti, akaagiza chai. Tuliulizana watoto. Kisha nikamwambia yote, kwa mpangilio, kama nilivyowaandikia hapa.

Aliokota kipande cha chaki, akakizungusha vidoleni.

"Na ile siku huko Mwea," akasema mwishowe, "wewe ulikuwa unacheka."

"Nilikuwa nacheka."

"Mimi nilikuwa najiuliza. Miaka yote hiyo najiuliza. Kubadilisha hizo herufi ilifaa itoe kona pana ama kona ndogo, lakini kona safi. Haikufaa itoe ile bega. Nilichora hiyo kitu kwa sakafu mara nyingi, ikakataa." Akaonyesha sakafu kwa chaki. "Nikasema labda ni mimi nilipinda vibaya. Nafasi ilikuwa ngapi?"

"Milimita mbili na nusu."

"Na kompyuta ikakuuliza?"

"Ikaniuliza."

Akatikisa kichwa, akavaa glavu, akawasha mashine na kurudi kwenye tangi. Cheche zikaruka. Nilikunywa chai yangu mpaka chini. Nikaweka kikombe, nikachukua mkoba, nikatoka. Nilistahili kuachwa mlangoni.

Nilikuwa nimepita geti niliposikia mashine imezimwa. Akaja nyuma yangu akivua glavu, akatembea kando yangu. Tukapita duka la mbolea, tukapita wauza ndizi. Karibu na barabara akaanza kuongea.

"Utawaandikia hao vijana wa ofisi?"

"Nawaandikia."

"Andika hiyo namba vizuri. Mbili na nusu. Na uiandike kwa maneno, isije mtu akaisoma vibaya."

Nimeiandika kwa maneno. Na ile namba nyingine kwenye simu ya ofisi, ninyi mnajua mtakavyoiandika.

Tulifika stendi. Matatu ya Nyeri ilikuwa imebakisha kiti kimoja, na kondakta akaniita, "Mathe, ni wewe tunangoja!" Muriithi akampungia mkono waende. Tukaendelea kutembea.